Ini la Mtu Asiyekunywa

Baba yangu alianza kuitwa mlevi akiwa na umri wa miaka sitini na mbili, na mpaka siku hiyo alikuwa hajawahi kuonja pombe ya aina yoyote. Hakuwahi kuonja hata togwa iliyolala siku mbili. Alizaliwa Majita, pwani ya ziwa upande wa Mara, katika familia ya wavuvi na walima mihogo waliokuwa wameshika dini kwa nguvu, na aliposema haonji alimaanisha haonji.

Kazi yake ilikuwa udresa. Zamani zahanati za vijijini zilikuwa na mtu wa namna hiyo: si daktari, lakini ndiye anayefunga vidonda, kugawa vidonge na kuchoma sindano, na watu wote wanamwita daktari. Baba alifanya kazi hiyo kwa miaka karibu thelathini katika kijiji kimoja upande wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Mimi nilizaliwa huko. Alipostaafu alihamia Mwanza mjini, akajenga nyumba ya vyumba vitatu Kiseke, wakati huo Kiseke ikiwa bado mawe, vichaka na nyumba za kuhesabika.

Ilikuwa miaka ya tisini, miaka ya ruksa, biashara binafsi zikiwa zimeruhusiwa. Viwanda vya minofu vilikuwa vimeota ufukweni, na mimi nilipata kazi katika kimojawapo. Nilisimama tangu asubuhi na mabuti ya mpira miguuni na kisu mkononi, nikichuna sangara. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tulinunua mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, sikuwa na mtoto, kwa hiyo nilikaa na wazazi. Maduka binafsi ya dawa yalifunguliwa kila kona, na jambo hilo lilimuudhi baba kuliko yote. Alikuwa akipita mbele ya duka la jirani yetu, anamwona kijana aliyeuza viatu vya mitumba mwaka jana sasa anachoma watu sindano nyuma ya pazia, anarudi nyumbani amenuna.

"Sindano si mchezo," alikuwa akisema. "Sindano ina mwenyewe."

Ugonjwa wake ulianza kwa uchovu. Alikuwa mtu wa kuamka mapema kumwagilia mchicha wake, akaanza kuamka jua likiwa juu. Akawashwa mwili mzima, akajikuna mpaka mapaja yakatoka damu, na mama akampaka mafuta ya nazi bila mafanikio. Kisha mikono ikakonda na mabega yakaanguka, na majirani wakaanza kunitazama kwa huruma fulani. Miaka ile mtu akikonda hakuna aliyeuliza anaumwa nini. Kila mtu alijua jibu na hakuna aliyelitamka.

Halafu tumbo likajaa. Mikono ilizidi kuwa vijiti na tumbo likazidi kuwa kubwa, kitovu kikatoka nje, miguu ikavimba hata viatu vyake vya kanisani vikamkataa. Mama alifumua suruali zake nyuma na kuongeza kipande cha kitambaa chenye pembe tatu, kisha akakiongeza tena. Majirani nao wakabadilisha jibu. Wote walikuwa wamewaona watu wenye tumbo la hivyo na macho ya manjano, na wote walijua watu hao walikuwa wakinywa nini.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili moja ilikuwa zamu yake kusoma matangazo. Mimi nilikuwa kwaya, nimeketi mbele upande wa kushoto, na nilimwona vizuri alipopanda. Alishika karatasi kwa mikono miwili, na karatasi ikawa inapigapiga kama bawa la ndege. Alisoma tangazo la kwanza, kwamba akina mama watakutana Jumatano. Akalisoma tena. Akalisoma mara ya tatu, polepole, ulimi ukiwa mzito. Kisha akaweka karatasi chini, akatutazama na kusema kwa sauti ya zahanati:

"Kaeni kwenye foleni. Wa kichocho upande huu. Wenye watoto upande ule. Wewe mama, mfunue mtoto paja."

Mtu alicheka nyuma, kisha wengi wakacheka. Mzee mwenzake aliinuka, akamshika kiwiko na kumteremsha, na alipokuwa karibu na uso wake niliona akivuta pumzi kwa pua, anaacha, anavuta tena. Kisha akawatazama wenzake na kutikisa kichwa. Kwaya tuliambiwa tuimbe. Niliimba. Sijui niliimba nini.

Nyumbani nilimsogelea alipokuwa amelala kwenye mkeka, nami nikamnusa. Kulikuwa na harufu kweli. Ilikuwa tamu-tamu, ya kitu kilichovunda, kama ndizi zilizosahaulika kapuni. Nilikulia kati ya watu waliopika pombe ya ndizi, na nikakata shauri hapohapo kwamba anakunywa, bila kumuuliza mtu yeyote.

Kesho yake sikwenda kazini. Mama alipotoka kwenda sokoni niliingia chumbani mwao na kuanza kutafuta chupa. Nilipekua chini ya kitanda, nyuma ya gunia la mahindi, ndani ya sanduku lake la bati. Sandukuni nilikuta vyeti vyake, Biblia ya Kijita iliyochanika jalada, na mabomba mawili ya sindano ya kioo yaliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. Nilikuwa nimeyashika mkononi niliposikia sauti yake kitandani.

"Unatafuta nini, mama?"

Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Asubuhi ile akili zake zilikuwa zimerudi na macho yake, ingawa ya manjano, yalikuwa yananiona sawasawa.

"Baba, niambie ukweli," nilisema. "Unakunywa?"

Alijaribu kuketi, tumbo likamzuia, akabaki ameegemea kiwiko.

"Kama na wewe unauliza," alisema, "basi sina la kuwaambia wengine."

Akageukia ukutani. Niliyarudisha mabomba sandukuni nikatoka. Nimefanya mambo mengi katika maisha yangu ambayo sikupaswa kuyafanya, lakini lile ndilo linalonirudia mara nyingi zaidi.

Wiki hiyohiyo mchungaji alikuja na wazee wawili. Mama aliwapikia chai na kuwakaangia mihogo. Walimwambia baba amesimamishwa uzee na hatashiriki Meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Baba aliwauliza atubu nini. Mmoja wa wazee akasema, "Ndugu, sisi si watoto." Wakaomba, wakamaliza chai, wakaondoka. Mama alikusanya vikombe na kuniambia jikoni, bila kupunguza sauti:

"Nimelala na huyu mtu miaka thelathini na sita. Mlevi anaweza kumficha mchungaji. Mimi angenifichia wapi?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonisukuma. Siku iliyofuata, baba alipopata homa na kuanza tena kusema na watu wasiokuwepo, nilikodi gari dogo la jirani tukampeleka hospitali kubwa.

Aliyetupokea alikuwa daktari wa kike, kijana, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alimsalimia baba shikamoo kabla ya kugusa faili. Walimlaza, wakampa dawa ya kumharisha na sindano za homa, na siku ya tatu akili zilikuwa zimemrudia kiasi cha kuhojiwa.

"Mzee, unatumia pombe?"

"Hapana."

"Uliacha lini?"

"Sijaanza."

Daktari aliandika. Nilichungulia nikaona ameandika vilevile baba alivyosema, bila alama ya kuuliza. Zaidi ya mama, sikuwa nimeona mtu akimwamini kwa miezi mingi, na hapo nikaona aibu yangu yote.

Akamwambia anyooshe mikono mbele na kukunja viganja juu, kama mtu anayesimamisha gari. Viganja vikaanguka, vikapanda, vikaanguka, vilevile kama ile karatasi kanisani.

"Hii siyo pombe," daktari alituambia mimi na mama. "Ini ndilo linalosafisha damu. La mzee limejaa makovu, limesinyaa, haliwezi tena. Sumu inayotoka kwenye chakula, ambayo ini lilipaswa kuizuia, inapita mpaka kwenye ubongo. Ndiyo maana anachanganyikiwa, analala mchana, anasema vitu vya zamani. Hata ile harufu ya mdomo inatokana na ini."

Mama alinitazama.

Walitoboa tumbo ubavuni na kuweka mpira mwembamba, na maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa yakatiririka ndoo nzima na nusu. Mwanzoni daktari alidhani ni kichocho, maana watu wa ziwa wengi wanajaa tumbo kwa kichocho. Lakini picha ilionyesha ini lenyewe limeharibika. Akapima homa ya ini aina ya B, haikuwepo.

"Kuna kirusi kingine," alisema asubuhi moja, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda. "Hata wataalamu wamekifahamu miaka ya karibuni tu. Wanakiita homa ya ini aina ya C. Kinaingia kwa damu. Mzee, umewahi kuongezewa damu?"

"Hapana."

"Umewahi kuchomwa sindano nyingi?"

Baba alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu ugonjwa uanze, na hakikuwa kicheko cha furaha.

"Daktari," alisema, "mimi ndiye niliyekuwa nachoma."

Kisha akaeleza, na kadiri alivyoeleza sauti yake ikawa inapungua. Alieleza kuhusu kichocho, jinsi dawa yake siku hizo ilivyokuwa ya sindano ya mshipa, siku nyingi mfululizo, na kijiji kizima kikija, shule nzima ikija. Mabomba ya kioo yalikuwa machache. Asubuhi alikuwa akiyachemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Lakini foleni ilikuwa ndefu na mafuta yalikuwa yanaisha, na kufika saa tano alikuwa anasuuza bomba kwa maji ya moto, anafuta sindano kwa spiriti, anaita mwingine. Damu ilikuwa inarudi kidogo ndani ya bomba kila alipoingia mshipani. Aliiona. Ndivyo alivyojua kuwa ameupata mshipa. Sindano butu zilimchoma mwenyewe vidole mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Na kabla ya hapo, alipokuwa mwanafunzi wa udresa, naye alikuwa amechomwa dozi nzima ya kichocho kwa bomba lilelile lililowapitia wenzake.

"Tulifanya tulivyofundishwa," alisema. "Hatukujua."

"Hakuna aliyejua, mzee," daktari alisema.

"Mtu akiipata, inachukua muda gani?"

"Miaka ishirini. Thelathini. Anakaa mzima, hajui. Na wengine haiwafikishi huku kabisa."

Baba akatazama dari. Niliona midomo yake inatembea, na mimi niliyekaa naye miaka yote nilijua kwamba hahesabu miaka. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, kijiji kile, akiwataja watu.

Hospitali haikuwa na kipimo hicho. Daktari alikuwa na rafiki aliyesoma naye, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara nje ya nchi, akamtumia damu ya baba. Akaongeza ya mama na yangu. Tukarudi Kiseke na vidonge vya kukojoza maji na maagizo ya kupunguza chumvi na nyama. Majibu yalichukua wiki nyingi. Nilipoitwa nilikwenda peke yangu, na daktari hakuniita ofisini. Alinikuta barazani akasimama nami pale, ziwa likionekana chini, mbali, na meli moja gatini.

Baba alikuwa na kirusi. Mama hakuwa nacho. Mimi nilikuwa nacho.

"Inaweza isikufanye kitu maisha yako yote," alisema. "Usinywe pombe kabisa. Dawa iliyopo ni ya huko mbali, ni kali, na wengi haiwaponyi. Lakini watatafuta nyingine."

Nilimwambia kwamba nilikuwa mtoto wa malaria, na kwamba baba ndiye aliyekuwa akinichoma. Alikuwa akija na bomba jioni kutoka zahanati, mama ananishika miguu.

"Usimwambie," nilisema.

"Atakuuliza."

"Nitamjibu mwenyewe."

Baba aliniuliza kabla sijavua viatu. Alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha kamba, blanketi miguuni ingawa kulikuwa na jua.

"Yangu najua," alisema. "Ya mama yako?"

"Safi."

"Na yako?"

"Safi, baba. Kama ya mama."

"Wewe nilikuchoma sana."

"Ni safi, baba."

Alinitazama kwa macho yale ya manjano. Kisha akafunika uso kwa viganja vyote viwili na mabega yakaanza kutikisika. Nilisimama pale nimeshika mkoba. Sikujua kama analia kwa sababu ameniamini, au kwa sababu hakuniamini. Sijui mpaka leo.

Tangu siku hiyo aliomba jambo moja tu, kuvuka kwenda ng'ambo. Daktari alikataa, kisha aliposikia ni kwa ajili ya nini akasema, nendeni, mrudi kesho yake. Tulivuka kwa kivuko, baba amekalishwa mbele kwenye gari la mtu aliyetuhurumia, na upande wa pili tukapata gari la shehena ya pamba lililokuwa likirudi tupu.

Walimpokea kama aliyefufuka. "Daktari! Daktari amekuja!" Watu wazima waliokuwa watoto wake wa foleni walitoka majumbani. Waliona tumbo na macho, wakashtuka, wakajikaza, wakaendelea kumsifu. Wakamketisha chini ya ukuta wa zahanati, na kila mtu akawa na hadithi ya jinsi alivyomwokoa. Baba alisubiri wanyamaze. Kisha akawaambia. Aliwaambia kwa Kiswahili rahisi kwamba ana ugonjwa wa ini uliotokana na sindano, kwamba mabomba yale hayakuwa safi, kwamba huenda wengine wanao na hawajui, kwamba mtu akiona macho ya manjano au tumbo kujaa aende hospitali kubwa na aseme alichomwa sindano za kichocho zamani.

Walisikiliza kwa heshima. Kisha mwanamke mmoja wa makamo, mnene, mwenye sauti iliyozoea shamba, akasema:

"Daktari, mimi nilikuwa nakojoa damu. Nilikuwa msichana wa darasa la nne, natembea nimeinama. Usingenichoma ningekufa."

"Najua, mama. Lakini…"

"Basi usijilaumu."

Baba alimwomba asogee. Akamvuta kope la chini kwa kidole gumba, kama alivyowafanyia maelfu ya watu. Jicho lilikuwa jeupe. Akashusha pumzi. Yule mama akafurahi kwa kuguswa, akamvuta mbele mjukuu wake, mtoto wa miaka mitatu hivi aliyekuwa na joto.

"Sasa umekuja, tusaidie. Hawa wa siku hizi wanampa vidonge tu. Mchome hata moja, wewe mkono wako una baraka."

Baba alimshika mtoto shingoni, akamtazama ulimi. Mikono yake ilikuwa inapigapiga.

"Vidonge vinatosha," alisema.

"Daktari, moja tu."

"Nimesema vidonge vinatosha! Msimchome! Msimchome mtoto kwa kitu kinachoweza kumezwa!"

Alipiga kelele hata mtoto akaanza kulia. Yule mama alirudi nyuma amemshika mjukuu, uso umebadilika. Sikuona tena furaha usoni mwake. Watu walianza kuondoka mmojammoja. Nilisikia kijana mmoja akimwambia mwenzake, "Ni pombe. Angalia tumbo." Baba naye alisikia.

Tulirudi kivukoni, nikamketisha kwenye benchi. Kisha akasema, "Hawakunielewa."

"Wameelewa, baba."

"Usinidanganye mara mbili," alisema.

Niligeuka kumtazama, lakini alikuwa amefumba macho. Sikuthubutu kumuuliza mara ya kwanza ni ipi.

Niliamua angalau kanisa lielewe. Daktari aliniandikia barua ya nusu ukurasa, kwa Kiswahili chepesi, akaipiga mhuri, nikampelekea mchungaji nyumbani kwake Buswelu. Aliisoma mara mbili. Hakuwa mtu mbaya, nadhani alikuwa mwoga.

"Inasema ini limeharibika," alisema.

"Inasema limeharibiwa na virusi."

"Nimeona. Lakini haisemi hanywi."

"Daktari angejuaje kuandika mtu hafanyi kitu?"

Akaikunja. "Nitaipeleka kwenye baraza la wazee. Tunakaa mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali kwa baba. Asubuhi moja mama alikuwa anamlisha uji kwa kijiko, mimi nafunga kilemba kwenda kiwandani. Nikasikia mama anaita jina langu, mara moja tu. Nilipoingia baba alikuwa ameinama mbele na damu inamtoka mdomoni, nyingi, nyeusi-nyeusi yenye mabonge, imejaa mapajani na kwenye bakuli. Hakuwa analalamika. Alikuwa anaitazama kama mtu anayejua ni nini. Alijaribu kusema, akanyoosha mkono akinizuia nisiiguse. Akaonyesha mifuko ya plastiki kwenye msumari. Nilielewa. Nikavaa mifuko mikononi, ndipo akaniruhusu nimshike.

Hospitalini daktari wetu alifanya aliloweza. Mishipa ya koo la chakula ilikuwa imetanuka kwa sababu damu haikuweza kupita kwenye ini, ikapasuka. Nilitaka kutoa damu yangu wamwongezee, nikakumbuka, nikaketi. Mpwa wa mama akatoa. Damu ilisimama siku moja, lakini akili hazikurudi. Aliingia katika usingizi ambao hata ukimfinya hakunji uso. Tulimgeuza kila baada ya muda ili asipate vidonda, mama akimwimbia kwa Kijita. Siku ya pili, saa saba mchana, wakati wa chakula, vyombo vikigongana mlangoni mwa wodi, alivuta pumzi ndefu na hakuvuta nyingine. Daktari alikuja akamfumba macho. Kisha akatoka nje ya wodi kabla yetu, nikamwona barazani amesimama, anaifuta miwani yake.

Baraza la wazee lilikuwa bado halijakaa. Wazee wakabishana kama kanisa limzike au lisimzike, na mwishowe wakakubali. Alizikwa Kiseke, nyuma ya bustani yake ya mchicha. Watu walikuja wengi, na wengine walivuka kutoka ng'ambo. Mchungaji aliongea vizuri juu ya kazi yake, juu ya uaminifu wake katika fungu la kumi. Kisha akasema:

"Na udhaifu wake, ndugu zangu, sisi kama kanisa tumemsamehe. Nani kati yetu hana udhaifu?"

Mama alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake, khanga imefunika kichwa. Aliinuka. Wanawake walimshika wakidhani anazimia, akawaondoa mikono.

"Mchungaji," alisema, "udhaifu gani?"

Watu wa nyuma waligeuza shingo wamwone.

"Utaje. Sisi sote tumeketi hapa tunakusikiliza."

Mchungaji alitazama kitabu chake.

"Barua ya daktari unayo," mama alisema. "Mume wangu alipata ugonjwa kazini, akichoma sindano watu wenu na watoto wenu. Pombe hakunywa. Kama mnasamehe, msameheni kitu alichofanya. Sasa endelea."

Akaketi. Mchungaji aliendelea, lakini sauti ilikuwa imemtoka, na ibada ikafupishwa. Mzee yule aliyemnusa baba kanisani alibaki nyuma baada ya watu kutawanyika, akazunguka kaburi mara mbili, kisha akaondoka bila kutuaga. Mama hakurudi tena kanisani pale. Jumapili alisoma Biblia ya Kijita peke yake uani, kwa sauti, majirani wakisikia.

Mimi niliishi na siri yangu miaka mingi. Kiwandani nilipojikata kwa kisu nilifunga kidole haraka kuliko wenzangu, nikaosha meza yangu kwa dawa mara tatu, na wakaniona nina madaha. Nilikataa kuolewa tena bila kusema kwa nini. Kila asubuhi nilitazama macho yangu kwenye kioo. Daktari wetu alihamishwa, tukapotezana, lakini alilosema lilitimia: dawa nyingine ilipatikana, vidonge vya kumeza kwa miezi mitatu, na nilipovipata nilikuwa tayari mwanamke mwenye mvi. Nilivimeza vyote. Kipimo cha mwisho hakikukiona tena kirusi.

Siku nilipopewa majibu hayo ndipo nilipomwambia mama. Alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Nilimweleza yote, tangu barazani kule hospitalini. Mikono yake haikusimama.

"Yeye alijua?"

"Nilimwambia ni safi."

"Sijauliza ulimwambia nini."

Akatupa kokoto mbili nje ya ungo.

"Wewe umepona," alisema. "Wale wa ng'ambo nani amewaambia?"

Nilivuka wiki iliyofuata. Zahanati ilikuwa imejengwa upya na tabibu alikuwa kijana mwenye adabu, akaniambia kipimo hicho hakipo pale. Nilizunguka nyumba kwa nyumba siku mbili, nikisema yale aliyosema baba, na watu wengi walinisikiliza kama walivyomsikiliza yeye. Wanawake wawili tu, wote wa rika la foleni ile ya shule, walikubali kwenda kupimwa hospitali ya Sengerema. Mmoja alikuwa safi. Yule mwingine hakuwa safi, na Jumatatu nilipanda naye kivuko kuja Mwanza, amebeba nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, akiniuliza kila mara kama vile vidonge ni vichungu.